Uzi maalumu: Tufuatilie ujenzi wa nguzo za Isimila hapa Uyole, hatua kwa hatua

Mwashi wa Uyole (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni mwashi, naishi Uyole. Tofali, lipu, niru na marumaru ndiyo maisha yangu. Lakini kuna kazi moja nimeitamani kwa miaka mingi: miamba ya kutengeneza, ile inayojengwa kwenye bustani kubwa za michezo za Ulaya. Mwezi huu nimeipata. Kuna mzee ana eneo lake njia ya Tukuyu, anataka kulifanya mahali pa watoto kucheza na wazazi kupumzika. Alinijia na picha ya ngome ya Kizungu yenye minara ya rangi ya waridi, akaniuliza kama naiweza. Nikamjibu naiweza, ila anipe siku tatu nimletee wazo jingine.

Nieleze kwanza wazo lilikotoka. Kule Brühl, karibu na Köln nchini Ujerumani, kuna bustani inaitwa Phantasialand. Ina tabia ya kujenga kimya kimya. Wapenzi wake hukaa miezi na miezi wakichungulia juu ya uzio, wanapiga picha za korongo za kunyanyulia vyuma, wanahesabu nguzo, wanabishana kila kipande cha reli kitaelekea wapi. Mimi niko huku Uyole lakini nimezisoma picha zao kama mtu anayesoma ramani ya nyumba. Kijiji chao cha Klugheim kilifunguliwa Juni 30, 2016. Ndani yake kuna rolakosta (treni ya michezo inayokimbia kwenye reli za kupanda na kushuka) inaitwa Taron, njia yake ina urefu wa mita 1,320, mwendo unafika kilomita 117 kwa saa, na reli inapishana na yenyewe, juu au chini, mara 116. Wengi wanaitazama hiyo reli. Mimi kilichonishika ni mawe. Yamesimama kama penseli zilizofungwa pamoja, mfano wa basalti, lava inayopasuka kwa pembe sita inapopoa na kusinyaa. Sisi wa Rungwe tunaishi juu ya lava. Nikajiuliza, huyu Mjerumani amelitazama jiwe la nchi yake mpaka amelijua, mimi la kwetu nimelitazama lini?

Basi siku ya tatu nikampelekea mzee mchoro. Langoni nguzo tano za Isimila, zile nguzo za mchanga na udongo zilizoko korongoni karibu na Iringa. Katikati daraja la mwamba kama Daraja la Mungu kule Kiwira, mteremko wa watoto upite chini yake. Pembeni Kimondo cha Mbozi, watoto wakipande watakavyo. Mzee amekubali kwa sharti moja: nijenge nguzo moja kwanza. Ikimridhisha tunaendelea, isipomridhisha tunarudi kwenye ngome.

Nitaweka maendeleo hapa kila hatua. Wenye ujuzi nirekebisheni mapema, saruji ikishashika ni kazi ya nyundo.

---

Kamwene

Mkuu kamwene! Mimi ni wa Iringa, Isimila nimekulia karibu nayo. Nimefurahi sana kusikia mtu anaijenga kwa heshima. Swali moja tu: umewahi kuingia kwenye lile korongo mwenyewe, au unajenga kwa picha?

---

Mwashi wa Uyole

Kwa picha, ndugu yangu. Nimepita pale kwa basi mara nyingi, sijawahi kushuka.

---

Kamwene

Shuka.

---

Binti Makete

Kaka Mwashi hongera sana. Kuhusu hiyo Phantasialand, kuna kitu kilinigusa. Wana eneo lao la Afrika, lenye rolakosta inaitwa Black Mamba, ya mwaka 2006. Hapo hapo wakaongeza hoteli mwaka 2008, na jina lake ni Hotel Matamba. Mimi kwetu ni Matamba, wilaya ya Makete, chini ya Kitulo! Najua lile jina linafanana na ufalme wa zamani wa huko Angola kuliko kijiji chetu, lakini siku nililiona nilisimama.

Nikatazama picha za eneo lenyewe. Udongo mwekundu, kuta za udongo, nyasi za kuezekea, vinyago. Mafundi wameifanya kwa ustadi, siwezi kuwanyima. Ila nilitafuta sehemu moja ya kusema hapa ni kwa nani, hapa ni kwa Wabena, hapa ni kwa Wakinga, sikuona. Ni Afrika ya mahali popote. Ndiyo maana nimependa uliposema Isimila na siyo "mawe ya Kiafrika". Mtoto wa Mbeya akiuliza hii ni wapi, mama yake awe na jibu.

---

Mtoto wa Mafiati

Wakuu samahani nawatoa kidogo kwenye mawe. Hiyo Taron inasukumwa na nini? Naona haina mnyororo wa kuipandisha kama zile za zamani.

---

Fundi Mota

Nikujibu mdogo wangu, hiyo ni fani yangu, nasuka mota hapa Iringa.

Unaijua mota ya mashine ya kusaga? Ndani kuna nyaya zimezungushwa duara, na katikati kuna kitu kinachozunguka. Sasa chukua ile duara, ikate, ikunjue, uilaze chini iwe ndefu kama reli. Badala ya kuzungusha, itasukuma kwenda mbele. Behewa lina sumaku chini, nyaya za kwenye reli zinawashwa kwa zamu, kila moja inaivuta sumaku na inayofuata inapokea. Kompyuta ndiyo inayopanga zamu hizo, sehemu ndogo sana ya sekunde ikikosewa nguvu inapotea.

Breki zake ndizo zinazonifurahisha zaidi. Sumaku za kudumu na bamba la shaba au alumini. Behewa likipita, bamba linazalisha umeme ndani yake, na umeme huo unapingana na mwendo. Hakuna kinachogusana, na hata umeme wa gridi ukikatika behewa linapunguza mwendo vile vile. Sisi tunaojua kukatika kwa umeme tunaelewa thamani ya jambo hilo.

Wenye hamu ya zaidi watafute rolakosta ya Voltron, bustani ya Europa-Park, mji wa Rust, Ujerumani hiyo hiyo. Ilifunguliwa Aprili 26, 2024 pamoja na eneo jipya lote la Kroatia. Wameijenga kwa heshima ya Nikola Tesla, mvumbuzi wa mambo ya umeme aliyezaliwa Smiljan mwaka 1856, na jengo la kituo ni mfano wa mnara wake wa Wardenclyffe. Behewa linarushwa juu kwa nyuzi 105, yaani zaidi ya wima, linaegemea nyuma. Wenye bustani ni ukoo wa Mack, walianza kwa kutengeneza mikokoteni ya farasi mwaka 1780. Mtu wa umeme kujengewa kijiji kizima! Nilipoona picha za nguzo za mnara ule zikisimamishwa nilishindwa kulala.

---

Mwashi wa Uyole

Wakuu, maendeleo ya nguzo ya kwanza. Nitasema ukweli wote.

Msingi nilichimba futi tatu, zege la kutosha, nondo za milimita 12 nne zimesimama wima. Juu yake nikafunga pete za milimita 8, nikazikunja kwa mkono kila moja umbo lake ili nguzo isiwe duara kamili. Nikavisha wavu wa kuku tabaka mbili, nikafunga kwa waya kila kiganja. Wenzetu wakubwa hapo hutumia pampu, wanapuliza zege kwenye wavu. Mimi nilirusha kwa mwiko. Tabaka la kwanza la kushika wavu, siku ya pili tabaka nene la kuchonga.

Makosa yakaanzia hapo. Tabaka la kuchonga linakupa saa chache tu. Likiwa bichi linaporomoka, likikauka halichongeki. Nilipaka nguzo nzima asubuhi, nikaanza kuchonga kutoka juu, nilipofika kiunoni chini kumeshakuwa jiwe. Jua la Juni hapa mnalijua, hewa baridi lakini jua kali na upepo unanyonya maji. Baada ya siku nne zikatokea nyufa za mlalo, nyembamba kama nywele, kisha mbili zikapanuka.

Lakini nyufa siyo zilizoniumiza. Nilirudi nyuma hatua ishirini nikaitazama, nikaona nguzo ya baraza iliyopigwa lipu vibaya. Haikuwa na chochote cha Isimila. Mzee alikuja, akaizunguka mara mbili, akaniambia "endelea kujaribu" kwa upole, na upole wake ndio ulionikosesha usingizi.

---

Mwalimu Mstaafu

Kijana, usivunjike moyo. Ulichogundua ni kwamba umechonga bila kujua jiwe limekuwaje. Nguzo za Isimila hazikujengwa kwenda juu. Zilibaki. Palikuwa na tabaka za mchanga na udongo zilizolala moja juu ya nyingine kwa muda mrefu sana, kisha maji yakakata kutoka juu kwenda chini, yakaondoa palipo laini. Kilichosimama ni mabaki. Ukiijenga kama kitu kilichopandishwa, jicho la mtu litakataa hata kama hajui kwa nini.

Na ukumbuke pale ni mahali pa watu wa kale. Mtafiti wa mambo ya kale Clark Howell alichimba pale mwaka 1957 na 1958, zikapatikana shoka za mawe za zama za Acheuli, sehemu ya Zama za Mawe za Kale, kwa wingi wa ajabu. Watoto wakishajua hilo, nguzo zako zitakuwa na kazi zaidi ya kupendeza.

---

Mwashi wa Uyole

Shikamoo mwalimu. Asante sana. Neno "zilibaki" nimeliandika kwenye daftari.

---

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Sasa msikilize Kamwene.

---

Mwashi wa Uyole

Nimeenda, wakuu. Nilipanda basi la asubuhi, Makambako, Mafinga, nikashuka Isimila kabla ya kufika Iringa mjini, pale zinapobaki kama kilomita 20. Kamwene alinipokea na pikipiki yake, Mungu ambariki.

Nilikaa korongoni kutwa nzima na futi kamba, daftari na penseli. Nayaweka hapa niliyoyaona, kwa sababu picha zote nilizokuwa nazo hazikuniambia.

Kwanza, mistari ya mlalo inaendelea. Mstari wa rangi ulioko kwenye nguzo hii, ukiangalia nguzo ya jirani uko kimo kile kile, na ukutani kwa korongo uko kimo kile kile. Nguzo zote ni mkate mmoja uliokatwa. Mimi nilikuwa nachonga kila nguzo kama mtu peke yake.

Pili, mifereji ya wima ni myembamba na mingi juu na inakuwa mipana na michache ikishuka, kwa sababu maji yanakusanyika. Nilikuwa nimeichora kinyume.

Tatu, chini ya nguzo pana mchanga wake mwenyewe. Kilichodondoka kimelala pale. Nguzo inaota kutoka kwenye kifusi chake, haisimami kwenye sakafu safi kama chupa mezani. Hili peke yake lilitosha kunilipa nauli.

Nne, rangi. Nilidhani nyekundu. Ni nyekundu, njano ya mchanga, kijivu, na mahali pengine weupe unaokaribia chokaa, na zote hubadilika jua likishuka. Saa kumi na moja jioni nilikuwa peke yangu chini pale, kuta zikawaka, nikasikia kitu kifuani nisichoweza kukiandika. Nimepita pale maisha yangu yote nikiwa nimelala kwenye kiti cha basi.

Kesho naibomoa nguzo ya kwanza.

---

Kamwene

Ndugu zangu, nimemwona huyu bwana akipima mfereji mmoja kwa dakika arobaini. Wageni huja, wanapiga picha, wanaondoka. Mimi mwenyewe nilianza kuitazama upya.

---

Ndaga Tukuyu

Nafuatilia kwa karibu. Kuhusu Daraja la Mungu nina ombi moja: mwanya wa chini usiufanye upinde wa mviringo kama wa daraja la reli. Lile letu ni lava iliyobaki juu ya mto Kiwira, upande mmoja mnene, upande mmoja mwembamba, na mimea inaning'inia. Acha vishimo vya kupandia mimea ya namna hiyo tangu unapofunga nondo. Ukisubiri saruji ikauke itabidi utoboe, na ukitoboa utafikia chuma, maji yataingia na kutu itaanza.

---

Mwashi wa Uyole

Nimekupata kaka, ndaga fijo, asante sana. Vishimo vinaingia kwenye mchoro leo, kila kimoja na bomba lake la kutolea maji.

---

Mama wa Watatu

Jamani mnaongea mawe, mimi naongea watoto. Nafanya kazi ya uuguzi, wanaoanguka kwenye michezo tunawapokea sisi. Mwashi mdogo wangu, naomba haya uyazingatie kabla ya rangi:

Chini ya mteremko na bembea usiweke zege wala marumaru. Mchanga laini, sentimita 30 kwenda chini, na uchimbuliwe mara kwa mara maana ukikanyagwa unakuwa mgumu. Nafasi kati ya chuma na chuma kwenye uzio au ngazi ziwe chini ya sentimita 9, la sivyo zizidi 23. Katikati ya hapo mwili wa mtoto unapita na kichwa kinakwama. Mteremko kama ni wa bati, usitazame kaskazini bila kivuli, jua la mwezi wa sita na wa saba linatoka upande huo na linaunguza mapaja. Na huo mwamba wako wenye mikwaruzo mizuri, kuanzia chini hadi kimo cha bega la mtoto ulainishe kingo. Uzuri wa ukali uweke juu.

---

Mwashi wa Uyole

Dada, hilo la bega la mtoto sikuwa nimelifikiria kabisa. Limebadilisha mchoro. Nitalainisha mpaka mita 1.4, na itafaa, kwa sababu hata Isimila sehemu za chini maji yamezilamba.

---

Mtoto wa Mafiati

Mbona kimya, wiki tano sasa? Nguzo vipi?

---

Mwashi wa Uyole

Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Kimya chenyewe nilijifunza kwa Phantasialand. Eneo lao la Rookburgh lilichukua miaka kadhaa mpaka lilipofunguliwa Septemba 17, 2020. Wapenzi walilalamika, wakakisia, wakakata tamaa, wakarudi. Lilipofunguliwa, rolakosta yenye mita 1,236 ilikuwa imesukwa kuzunguka hoteli, juu ya vichochoro. Huwezi kupata kitu cha namna hiyo kwa haraka.

Nguzo ya pili imekamilika. Safari hii nilipiga kamba kuzunguka eneo lote la lango, nikaweka alama za tabaka kwa pimamaji kwenye mirunda ya jukwaa, ili hata nguzo ambazo hazijajengwa zijue mistari yake. Nilipaka kipande cha mita moja tu kwa wakati, nachonga, nafunika kwa magunia yaliyolowa, ndipo nashuka kingine. Nilichonga kwa kisu cha zamani cha jikoni, burashi ya chuma, na karatasi ya foili iliyofinyangwa, ukiikandamiza kwenye saruji mbichi inaacha ngozi ya jiwe. Magunia yalilowa siku kumi bila kukauka, mke wangu na saidia fundi walipokezana zamu ya maji. Hakuna ufa.

Rangi haikupakwa, ilioshwa. Rangi ya maji ikizimuliwa mpaka iwe kama chai ya rangi, inamwagwa juu, inaingia kwenye mifereji yenyewe, ninafuta palipotokeza. Tabaka sita, kila moja rangi yake. Mwisho burashi karibu kavu yenye njano kidogo kwenye kingo tu. Kisha nikamwaga chini kifusi cha nguzo ya kwanza, nilikuwa nimekitunza. Mchanga wake ulitoka mto ule ule, kwa hiyo rangi zimekubaliana.

Mzee alikuja jioni na wajukuu wawili. Hakusema kitu kwa muda. Alienda akaweka kiganja kwenye mfereji mmoja, akaufuata mpaka chini. Halafu akaniuliza, nguzo ya tatu inahitaji nondo ngapi.

---

Binti Makete

Nimesoma hapa nikapiga vigelegele peke yangu ofisini.

---

Kamwene

Iringa tunakuja siku ya kufungua, tumeshapanga basi dogo zima. Mwalimu, utatueleza hizo shoka za mawe?

---

Mwalimu Mstaafu

Nitakuja. Na kimondo je? Kumbuka siyo jiwe la kawaida, karibu asilimia 90 ni chuma. Hukadiriwa kuwa na tani 16, urefu kama mita 3. Usikipe mistari ya tabaka.

---

Mwashi wa Uyole

Kimondo naanza Jumatatu, mwalimu, maana mvua za Novemba zinakaribia na nataka kiwe kimeshika kabla. Nitakwenda Mbozi kwanza. Nimeambiwa uso wake una vibonyeo kama vya kidole gumba kwenye unga, na kuna mahali palipokatwa ambapo panang'aa. Nataka kuviona kwa macho na kuvipima. Kama kuna mtu wa Mlowo au Vwawa anayeweza kunipokea na pikipiki, anijulishe hapa.